Springi za Mazinde na Safari ya Kumrudisha Mama

Tangu turudi, siwezi kwenda dukani kununua chumvi bila kusimamishwa. Huyu anauliza kama ni kweli tulilala kwa mbuzi, yule amesikia kwamba Mama alizungukwa na mabelo ya mitumba, na mwingine anataka kujua wale watu walioteremka garini kwetu Jumamosi jioni walikuwa wa ukoo upi. Ninyi wenzangu wa kwaya mmesikia vipande vipande tu, maana kila nikianza kusimulia nacheka kabla sijafika katikati. Basi nimekaa, chai iko mezani, naandika yote. Mambo ya hospitali, na nani alibaki akikamua ng'ombe, nayaruka.

Mnajua Mama yangu alikwenda Bumbuli kumwona mdogo wake, Mama mdogo Rebeka. Mvua ikanyesha, njia ya shambani ikateleza, Mama akaanguka na kuvunjika mguu wa kulia, juu ya goti. Hospitali walimtibu vizuri, wakamfunga plasta kuanzia nyonga hadi kifundo, kisha wakamruhusu akapumzike kwa mdogo wake. Mguu ule haukunjiki. Kwenye teksi hauingii, kwenye basi ndiyo usiseme. Ilibaki pikapu yangu, alale nyuma kwenye godoro.

Nilijaribu mara moja. Pikapu ile aliniachia marehemu mume wangu, na imeteremsha kabichi za Mtae tangu binti yangu Tumaini hajaanza kutembea. Springi za nyuma, yale mapande marefu ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine kubeba mzigo, zilikuwa zimelala kabisa. Badala ya kupinda kama upinde zilikuwa zimenyooka kama rula, na ya kulia ilikuwa na ufa. Ukiingia shimoni, chuma kinagonga chuma, gubu! Hatukumaliza hata mashamba ya chai. Mama hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ndogo kupitia dirisha la nyuma, "Naomi mwanangu, nirudishe." Angepiga kelele ningevumilia. Ile sauti ndogo ndiyo iliyonimaliza. Nikampitishia hospitali, na nesi alipotuona tumerudi akaniambia mfupa bado haujashika vizuri, na akitikiswa namna ile tena huenda kazi yote ikaanza upya.

Na Jumapili ilikuwa kipaimara cha Tumaini. "Huyo mtoto nimemlea mgongoni," Mama aliniambia kwenye simu. "Tafuta njia."

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nikaondoka kutafuta springi.

Mtae hadi Lushoto

Nilikwenda na shemeji yangu Yona, mdogo wake marehemu. Yona ni fundi cherehani, hajawahi kushika usukani, na kona zikizidi hutapika. Lakini ana maneno, na mwanamke akienda gereji peke yake huulizwa kwanza mwenye gari yuko wapi. Alikuja na suti yake ya kijivu na mfuko wa malimao ya kunusa.

Ukungu ulikuwa mzito hadi Sunga. Kila shimo gubu, na kila gubu Yona anasema, "Samahani," kama vile yeye ndiye aliyelichimba. Pale Lukozi magunia ya karoti yalikuwa yamejaa kando ya barabara, na mama mmoja akatupungia mikono yote miwili. Nikasimama kumweleza kwamba leo sibebi mzigo, gari ni gonjwa. Yeye hakuniangalia mimi niliyeshika usukani. Alizunguka hadi dirisha la Yona, akamwamkia kwa Kisambaa.

"Onga maundo, dereva! Nipakilie haya mawili tu."

Yona, ambaye wakati huo alikuwa na limao puani, akamjibu kwa heshima zote kwamba angependa sana ila gari lake halijisikii vizuri. Gari lake! Nilimtazama. Akatazama nje.

Kabla ya Magamba tulikuta udongo umeporomoka barabarani na watu wanausomba kwa majembe. Tukangoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa na birika na maandazi aliuza kila alichokuwa nacho asubuhi hiyo, na naamini aliombea udongo uporomoke tena. Yona alikula maandazi mengi kuliko busara. Malipo yake aliyapata kwenye zile kona za kushuka Lushoto, na suti ikanusurika kwa bahati.

Lushoto hadi Mombo

Lushoto hatukukaa. Soni nilisimama kununua plamsi za kumpelekea fundi, maana nimejifunza kwamba fundi aliyeonja kitu chako hufungua boneti kwa moyo mwingine. Kisha tukaanza kuteremka. Mnaijua ile barabara: mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, na joto linapanda kukulaki. Tulipofika chini Mombo, Yona alivua koti na kulikunja kama mtoto mchanga.

Fundi Bakari ana uwanja wake nyuma ya barabara kuu. Kazi yake ni springi tu. Kila mahali pamelundikwa vyuma vilivyopinda, na tanuru la mkaa linawaka mchana kutwa. Kwa kugonga chuma miaka mingi masikio yake yamechoka, kwa hiyo yeye anapiga kelele, na kila anayeongea naye anapiga kelele. Jambo moja sikulijua. Lile pande la juu kabisa la springi, refu kuliko mengine, Bakari huliita "mama". Yale mafupi ya chini huyaita "watoto".

Alipenya chini ya gari, akabaki huko. Nyundo zilikuwa zinalia kote.

"Mnabeba nini?" akapaza sauti.

"Mama!" nikamjibu.

"Nimemwona! Amevunjika!"

Nikashangaa habari zimefikaje Mombo. "Ndiyo, amevunjika! Upande wa kulia!"

"Huyo ameshakwisha! Mtupeni!"

Yona aliinama chini ya gari, uso umemwiva. "Fundi, adabu! Mtu anamtupaje mama yake?"

"Mkimpenda sana nitamtia moto nimkunje upya," Bakari akajibu, "lakini hatamaliza mwezi! Afadhali niwatafutie mwingine. Mazinde kuna mama mzuri sana, wa kilori, amelala tu pale hana kazi!"

Hapo Yona akamvuta mguu hadi akatoka. Ilibidi wote watatu tuketi, nyundo zisimame, tuelezane. Bakari alipoelewa kwamba nina mama mzazi mwenye mguu uliovunjika, alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniomba radhi, akala plamsi moja, akaniomba radhi tena. Halafu akacheka mpaka akalazimika kushika mlango wa gari.

Akanieleza vizuri. Kuzikunja upya springi zilizochoka ni kujidanganya, zingelala tena kabla ya Krismasi. Lakini Mazinde kulikuwa na kilori kilichokufa kwa bibi mmoja, Bibi Mwanahawa, na springi zake zilikuwa na upana uleule wa zetu ila ngumu zaidi. "Ukifunga hizo, utabeba kabichi mpaka uchoke wewe," alisema. Mimi moyoni nilikuwa nawaza godoro tu.

Mombo hadi Mazinde, na mbuzi

Alhamisi asubuhi tukashika barabara ya Same. Tambarare, jua, katani kwa mistari, na milima yetu imesimama kulia kwetu kama ukuta. Yona hakutapika hata kidogo, akaimba.

Bibi Mwanahawa tulimkuta uani anachambua mchicha. Kilori chake, cha marehemu mumewe, kimesimama nyuma ya nyumba bila magurudumu, na mbuzi wamelala chini yake kivulini.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmetoka mlimani, naona mmeshaiva kwa joto."

Akatupa maji, akauliza habari za mvua za juu, na Yona, ambaye alijipa kazi ya kusema, akasema, "Bibi, ametutuma Fundi Bakari. Tumeambiwa unaye pale nyuma, amelala tu. Tungependa kununua."

"Wapo," bibi akasema, akawatazama mbuzi. "Mnamtaka yupi?"

"Tunataka nyuma tu. Kulia na kushoto. Mbele kwetu kuko sawa."

Bibi aliweka mchicha chini. "Nyuma tu? Na mbele nimuuzie nani?"

"Mbele ubaki nako, bibi, hakutufai."

"Mwanangu, mimi sikati mbuzi nusu."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Bibi akanifuata, akicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, na mwishoni akafuta macho kwa khanga akasema kumbe ni yale machuma, tungesema mapema. Kisha akakigeukia kilori. Akasema tangu mzee wake afariki hakuna mtu aliyekigusa kile kilori, na kila mwaka hujiambia akiuze, na kila mwaka huona mbuzi watakosa kivuli.

Nikamweleza habari za Mama. Sikumwomba, nilimweleza tu, kwa nini nimetoka Mtae. Aliniuliza Mama ana watoto wangapi, na kama analala usiku. Kisha akainuka. "Chukueni," akasema. "Ila mkitoa, mkiegemeze vizuri juu ya magogo, kisiwalalie mbuzi wangu."

Kutoa ndiyo ilikuwa kazi. Nati zilikuwa zimeshika kutu hadi zimekuwa kitu kimoja na bolti. Vijana wawili wa jirani walikuja na spana na bomba la kurefushia mkono, spana ikateleza, tukamwaga oili chakavu, tukaambiwa tungoje ilowe. Tukangoja. Bibi akatupikia ugali na mlenda, na maziwa mgando aliyoyatoa kwenye kibuyu. Yona alivaa suruali ya kuazima iliyomfika magotini, akalala chini ya kilori pamoja na vijana, na mbuzi mmoja jike akamlamba kisogo mchana mzima kwa sababu ya jasho. Jioni upande mmoja ulikuwa umetoka. Upande wa pili uligoma, na Bibi Mwanahawa akatutandikia chumba kile ambacho mbuzi wadogo hulala wakati wa mvua. Kwa hiyo ndiyo, wanaouliza: tulilala kwa mbuzi. Walikuwa wasafi.

Ijumaa asubuhi Yona aliivuta spana mara moja tu na nati ikalia, ikazunguka. Alipiga kelele kama amefunga goli. Tukakiegemeza kilori kwenye magogo, na tulipoondoka mbuzi walikuwa wamesharudi kivulini kwao.

Mombo hadi Soni

Bakari alizisugua springi, akazipaka oili, akabadilisha bushi za mpira, akazifunga na bolti mpya. Kazi hiyo ilimchukua hadi adhuhuri. Alikuwa na haraka, maana baada ya sala ya Ijumaa alikuwa anakwenda harusi Korogwe. Mimi nilikwenda kutafuta mkate na turubai.

Wakati sipo, akamuuliza Yona swali moja: springi za kilori zina mapande mengi kuliko zile za pikapu, je, azifunge zote au apunguze? Na Yona, mwenye gari, akajibu, "Zote!"

Niliporudi nilipiga makofi. Pikapu iliyokuwa imekaa chini kama kuku anayeatamia sasa ilikuwa imeinua nyuma juu, pua chini, kama beberu anayetaka kupiga pembe. Tukaagana na Bakari, ambaye alikuwa tayari amevaa kanzu. Alisema kitu kuhusu "likiwa tupu" na nikampungia mkono.

Shimo la kwanza nilidhani nimelikosea. Shimo la pili Yona aligonga kichwa kwenye paa. Gari halikugonga chuma tena, hapana. Liliruka. Springi zile zilijengwa kubeba mzigo wa kilori, na sisi nyuma tulikuwa na godoro moja na mkate. Kila jiwe dogo lilitupanda uti wa mgongo. Kufika Soni, godoro lilikuwa limehama upande, na mkate, sijui hata niseme nini, ulikuwa makombo.

Nilizima gari. Nikaweka paji la uso kwenye usukani.

"Shemeji," Yona akasema taratibu, "mimi ndiye niliyesema zote."

Akanisimulia. Sikumgombeza, kwa sababu hata mimi ningesema zote. Bakari alikuwa njiani kwenda Korogwe. Kipaimara keshokutwa. Nilimwona Mama akiita kwa sauti ile ndogo, nikalia kidogo, kweli, pale pale Soni, wauza matunda wakinitazama. Mmoja alinipa pea moja akaenda zake.

Nilipokuwa nakula ile pea ndipo nilipokumbuka kabichi. Miaka yote ninayoendesha, gari likiwa limejaa hadi juu ndiyo linatulia, linakwenda kama linaogelea. Likiwa tupu ndiyo linarusha. Hata sasa ni hivyohivyo, isipokuwa tumbo lake ni kubwa zaidi. Halina ubaya. Lina njaa.

"Yona," nikasema, "tunatafuta mzigo."

Bumbuli

Tulifika kwa Mama mdogo jioni. Mama alikuwa barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alilisikiliza gari likiingia, akamtazama Yona anavyoteremka ameshika kiuno.

"Hilo ndilo gari lililotengenezwa?" akauliza.

"Ndilo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi siingii humo."

Mama yangu alikuwa mwalimu wa jikoni, nyie mnamjua: alifundisha nusu ya wanawake wa Mtae kupika keki kwenye sufuria. Hapokei neno la mtu, anapokea kilichoiva. Jumamosi asubuhi, nilipomweleza habari za mzigo, akamwambia mdogo wake apike uji, ajaze sufuria hadi ukingoni, aiweke juu ya godoro nyuma ya gari.

"Zungukeni nao hadi kule kwenye chai na kurudi," akasema. "Mkirudi umejaa, nakuja. Ukimwagika, mwambieni Tumaini bibi yake anamwombea akiwa Bumbuli."

Mzunguko wa kwanza, gari tupu, tulirudi na sufuria bila uji. Uji ulikuwa kwenye suti ya Yona.

Jirani wa Mama mdogo, Bwana Hamisi, mkulima, alikuwa na magunia ya viazi na mikungu ya ndizi vikingoja usafiri wa Lushoto. Tukapakia nusu. Mzunguko wa pili, uji ulibaki kiasi cha kujaza kikombe. Mama akatikisa kichwa, uji mwingine ukapikwa. Kufikia hapo watoto walikuwa wamejaa kwenye ua, na wanawake waliokuwa wakienda kisimani walitua ndoo zao. Tukapakia viazi vyote na ndizi zote. Mzunguko wa tatu ulibaki zaidi ya nusu, na mtu mmoja akapiga vigelegele. Mama akasema, "Nusu ya uji ni nusu ya mguu."

"Gari linataka watu sasa," Bwana Hamisi akasema, akapanda mwenyewe, akamwita mkewe, akawaita majirani. Walipanda wakicheka, wakakaa juu ya magunia wameshikana. Nikaendesha polepole kama nimebeba mayai. Kwenye kioo nilimwona Yona amepiga magoti kando ya sufuria, hapumui.

Tuliporudi, wote walinyoosha shingo. Yona akaibeba sufuria kwa mikono miwili hadi barazani. Ukingoni ilikuwa imelowa kidogo tu. Mama akaikagua. Akachukua kijiko, akaonja, akasema sukari imezidi.

"Haya," akasema. "Nibebeni."

Bumbuli hadi Lushoto

Tulimlaza mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha gari, godoro juu ya magunia ya viazi, mito kila upande, turubai juu. Mama mdogo alilia, Mama akamwambia asilie kama vile amekufa. Bwana Hamisi na mkewe walikuja nasi, kwa ajili ya viazi na kwa ajili ya uzito.

Njia nzima hadi Soni nilisikia wakizungumza nyuma, na mara kicheko cha Mama. Sikuwa nimekisikia tangu aanguke. Pale palipokuwa na lile shimo baya la mara ya kwanza, nililiingia taratibu, nimeuma meno. Gari lilizama, likainuka, likaendelea. Hakuna aliyeniita dirishani.

Lakini Lushoto viazi vilikuwa vimefika kwao. Vikashushwa, na ndizi, na Bwana Hamisi na mkewe wakashuka. "Hongea sana," Mama akawashukuru kwa Kisambaa, akawashika mikono muda mrefu. Kisha gari likabaki na godoro, na mbele yetu barabara yote ya Mtae. Yona alikuwa ameshaanza kuangalia mawe kando ya njia.

Karibu na hapo basi la kwenda huko kwetu lilikuwa limeharibika. Abiria walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao tangu asubuhi, wamenuna. Nikawaendea.

"Wa Lukozi, Manolo, Sunga, Mtae, pandeni wote," nikasema. "Nauli yenu ni uzito wenu. Nyuma kuna mgonjwa, na mkiwa wengi ndiyo anastarehe."

Walidhani hawajanisikia vizuri. Yona akawaeleza upya, kwa mikono, na habari ya uji akaiingiza. Wakapanda. Alikuwepo muuza mitumba, Bwana Salimu, na mabelo yake mazito kweli, na mama mmoja na vyungu, na wengine sikuwajua majina. Mama, akiwa amelala, aliwapanga: belo hili huku, wewe baba sogea kule, wewe mwenye vyungu njoo karibu yangu tuzungumze.

Lushoto hadi nyumbani

Kupita msitu wa Magamba palikuwa na baridi, wakamfunika Mama kwa makoti yaliyotoka kwenye mitumba ya Bwana Salimu. Lukozi nikasimama, mama mwenye vyungu akashuka na mwenzake mmoja. Hatujatembea sana, nikasikia ngumi kwenye paa.

"Naomi!" sauti ya Mama. "Nani kashuka? Nimemsikia mguuni!"

Nikapunguza mwendo zaidi. Wote nyuma walicheka, kisha wakawa kimya, na kimya kile kikaendelea. Nilipofika Manolo nikasimama, nikangoja. Hakuna aliyeshuka. Mtu akagonga bodi mara mbili, taratibu, ndiyo kusema niende. Nikaenda. Sunga vilevile: nikasimama, nikasikia mnong'ono, bodi ikagongwa kwa kidole tu. Nikamuuliza Yona, "Kumbe wote ni wa Mtae?" Yona alikuwa amefumba macho, limao puani.

Tulifika jua likizama, na mmetuona wenyewe. Tumaini alikuja mbio na nywele zimesukwa nusu. Nikazunguka nyuma, nikafungua, na gari lilikuwa limejaa vilevile kama lilivyotoka Lukozi. Watu wamekaa wima, miguu imewafa ganzi, mikono magotini. Mama alikuwa katikati yao ndiyo kwanza anafumbua macho, ana alama ya mto shavuni.

Akatazama huku na huku. Akamwona Bwana Salimu, ambaye belo lake lilikuwa limeegemea miguuni pa godoro, naye ameegemea belo.

"Mwanangu, si ulisema kwenu Manolo?"

"Ndiyo, mama. Manolo."

"Manolo tumeipita zamani! Mbona hukushuka?"

Bwana Salimu alijinyoosha mgongo kidogo kidogo, akatafuta kofia yake.

"Ulikuwa umelala, mama," akasema.